Jongoo wa Bahari na Magoti ya Bibi

Mwezi wa Julai 2023, siku mbili kabla sijaondoka Mtwara kwenda kwetu Mocímboa da Praia, bibi alinipigia simu. Hakuuliza mtihani ulikuwaje wala nauli nimeipata wapi. Alisema, "Mume wangu, ukija usije mikono mitupu. Niletee ile dawa ya magoti. Chupa ya kijani, siyo ya njano."

Kwetu bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, na mume wa namna hiyo hana ruhusa ya kukataa. Nilikwenda dukani nikanunua chupa mbili, kila moja shilingi 60,000. Fedha ilikuwa ya baba mdogo, naye aliituma kwa ajili ya mabati. Nyumba ya bibi iliungua mwaka 2020, na tangu arudi mjini alikuwa akilala chini ya turubai.

Ndani ya basi niliitoa chupa nikasoma maandishi yake. Kila kidonge, walisema, kina glukosamini, kondroitini, na dondoo ya jongoo wa bahari. Nilicheka peke yangu mpaka abiria wa jirani akanitazama. Kisha kicheko kikaniishia. Bibi yangu aliokota jongoo wa bahari kwa zaidi ya miaka thelathini katika upwa wa Mocímboa, akiinama tangu maji yanapoanza kupwa hadi yanapogeuka. Magoti yake yaliharibikia huko. Sasa jongoo alikuwa anarudi kwake ndani ya chupa, kwa bei ya mabati.

Insha hii ni juhudi yangu ya kuielewa safari hiyo. Nitaeleza kwanza majina ambayo watu wa pwani na wa bara yetu waliyapa maumivu ya viungo. Pili, nitaeleza biashara ya jongoo ilivyopita bandarini kwetu. Tatu, nitaeleza vidonge vya viungo vilivyozaliwa na vilivyopimwa. Hoja yangu ni kwamba pwani yetu imetoa mengi kwa ajili ya magoti ya watu wengine na imerudishiwa machache, na kwamba mtu akiijua historia hii huweza kuamua vizuri zaidi fedha yake aiweke wapi.

Majina ya maumivu

Mwanafunzi wa Kiswahili huanza na neno. Bibi hasemi kwamba anaumwa magoti. Husema ana baridi yabisi. Maneno yote mawili asili yake ni Kiarabu: la kwanza ni ubaridi, la pili ni ukavu. Katika tiba ya kale ya Wagiriki, ambayo matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu waliipokea na kuiendeleza, afya ni mizani ya joto, ubaridi, unyevu na ukavu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliipanga elimu hiyo katika kitabu chake kikubwa, Al-Qanun fi al-Tibb. Kiungo kilichozidiwa na ubaridi na ukavu hukakamaa, na dawa yake ni kukipa kinyume chake, yaani joto na mafuta.

Bibi hajawahi kumsikia Ibn Sina, lakini anamfuata kila asubuhi. Hakanyagi sakafu ya saruji bila kandambili. Dawa zake za kwanza zote ni za moto: tangawizi, pilipili manga, mafuta ya karafuu, kitambaa kilichopashwa juu ya mkaa. Neno moja la Kiswahili limebeba miaka elfu moja ya utabibu, nasi tunalitamka tukidhani ni jina tu la ugonjwa wa wazee.

Kamusi zetu zina pia neno jongo, ugonjwa wa viungo ambao mara nyingi huanza kwa kuvimbisha kidole gumba cha mguu. Kutoka jongo hadi jongoo ni herufi moja. Sisemi kwamba maneno haya ni ndugu, ila nilipokuwa nikiandika insha hii niliyachanganya mara tatu.

Neno la tatu ndilo lililosafiri mbali kuliko yote. Njia niliyopita kwenda nyumbani inatoka Mtwara, inapanda Newala, inashuka Masasi, kisha Mangaka, hadi Daraja la Umoja pale Mtambaswala, juu ya Mto Ruvuma. Ng'ambo ya mto unakwenda Mueda, na kutoka Mueda unateremka hadi Mocímboa baharini. Ukipita njia hiyo unapita nchi ya Wamakonde pande zote mbili za mpaka. Huko Newala, mwaka 1952, kulizuka homa ya ghafla iliyowaangusha watu kijiji baada ya kijiji. Homa iliondoka baada ya siku chache, lakini maumivu ya viungo yalibaki, na mgonjwa alitembea amejikunja kama mtu anayetafuta kitu chini. Watu wakauita ugonjwa huo kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja: chikungunya. Madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955, na jina walilolikuta kwa wenyeji wakaliacha kama lilivyo.

Virusi hivyo huenezwa na mbu. Mwaka 2004 vilizuka Lamu, vikaenda Mombasa, vikavuka hadi Komoro, na mwaka 2005 na 2006 vikafika kisiwa cha Réunion, ambako waliugua watu wapatao 266,000, karibu theluthi moja ya wakazi wote. Baadaye vikaenea India, na mwishoni mwa 2013 vikafika visiwa vya Karibi. Leo daktari wa Brazili na daktari wa Italia hutamka neno la Kimakonde wanapomweleza mgonjwa kwa nini vidole vyake haviwezi kufunga kifungo cha shati.

Nimeyataja majina haya matatu kwa sababu moja. Wazee wetu walitenganisha. Ugumu unaokuja polepole na umri walikuwa na jina lake. Uvimbe wa kidole gumba ulikuwa na jina lake. Homa inayomkunja mtu ilikuwa na jina lake. Na kweli magonjwa haya ni tofauti: la kwanza mara nyingi ni kuchakaa kwa gegedu, ile ngozi laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, la pili hutokana na tindikali iliyozidi katika damu, la tatu ni virusi. Chupa ya kijani haikutenganisha. Ilisema ni ya "maumivu ya viungo", basi. Katika jambo hili lugha yetu ilikuwa makini kuliko kiwanda.

Upwa na magoti

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Methali hii inasifu juhudi, lakini haimtaji mgaagaa akifika miaka sabini.

Mocímboa da Praia ni mji wa Wamwani, Wamakonde na Wamakua. Kimwani, lugha yetu ya nyumbani, ni jirani wa karibu sana wa Kiswahili, na bandari yetu tangu zamani imeutazama mkondo wa majahazi yanayokwenda na kusi hadi Mtwara, Kilwa na Zanzibar. Mizigo yake ilipanda na kushuka migongoni mwa watu. Kuanzia miaka ya 1890 hadi 1929 eneo lote la kaskazini lilitawaliwa na Kampuni ya Niassa, iliyotoza kodi ya nyumba na kuwalazimisha watu kazi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi la Wareno lilikuwa na kambi Mocímboa, na wapagazi ndio waliobeba vyakula na risasi kwenda bara. Hakuna aliyeandika habari za magoti ya wapagazi hao.

Jongoo wa bahari ni mnyama mnene kama mhogo, anayelala juu ya mchanga na katika majani ya bahari, akila mchanga upande mmoja na kuutoa safi upande wa pili. Msumbiji wengi humwita magajojo. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawamli, lakini kwa zaidi ya miaka mia moja wamemkusanya na kumkausha kwa ajili ya soko la Uchina. Wachina humwita kwa jina lenye maana ya jinsengi ya bahari, kwa kuwa humhesabu kuwa chakula cha karamu na pia dawa ya kuimarisha mwili. Wamalai humwita gamat, nao hutengeneza mafuta yake ya kupaka vidonda na viungo vinavyouma. Kwa hiyo wazo la kumtumia jongoo kwa ajili ya viungo halikuanzia Marekani wala kiwandani.

Bibi alinieleza kazi ilivyokuwa. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, wanawake walishuka na ndoo. Jongoo mchanga, ambaye ni wa thamani, hujifukia, hivyo ni lazima uiname uutazame mchanga kwa karibu. Wanaume walipiga mbizi kutafuta wakubwa zaidi. Jioni walimpasua, wakamtoa matumbo, wakamchemsha, wakamfukia mchangani usiku kucha, wakamsugua kwa majani ya mpapai ili chokaa ya ngozi itoke, wakamchemsha tena, kisha wakamwanika juani mpaka awe mgumu kama kuni. Ndoo iliyojaa iligeuka mkono mmoja wa vitu vyeusi.

Katika miaka ya 1990, anasema, wanunuzi walikuja kutoka Mtwara na Zanzibar. Walipanga jongoo mstarini kwa ukubwa, wakataja bei, na bei ilikuwa hiyo hiyo. "Tuliuliza wanakwenda wapi. Wakasema Hong Kong. Tukauliza huko wanafanyiwa nini. Wakasema wanaliwa na matajiri. Tukacheka sana."

Jongoo walipungua. Huyu ni mnyama asiyekimbia, na ambaye huzaa kwa kumwaga mayai na mbegu majini. Wakibaki wachache waliotawanyika, mayai hayakutani na mbegu. Tanzania Bara ilisimamisha uvunaji wake mwaka 2003, huku Zanzibar ikiendelea, na mzigo kutoka kwingineko ukazidi kutafuta njia ya kupita visiwani. Mwaka 2013 jongoo mchanga aliandikwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Bibi alikwisha liona jambo hilo kabla ya waandishi wa orodha. Alisema mwanzoni alijaza ndoo bila kuupoteza msikiti machoni. Mwishoni alikuwa akitembea mpaka msikiti haumwoni tena, na akirudi anapata watatu.

Mwezi wa Agosti 2020 ilianza kutumika kanuni ya kimataifa inayodhibiti biashara ya aina tatu za jongoo wakubwa. Mwezi huo huo, tarehe 12, bandari yetu ilitekwa na wapiganaji. Bibi alikuwa ameondoka tayari. Alipanda mashua usiku, akakaa visiwani, kisha akateremshwa ufukweni Paquitequete, mjini Pemba, pamoja na mamia ya watu wengine. Anasema alitembea sana mwaka ule, na kwamba hapo ndipo goti la kulia lilipoacha kabisa kumtii. Mji ulikombolewa tarehe 8 Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Yeye alirudi mwaka uliofuata, akakuta kuta bila paa.

Kutoka ganda hadi kidonge

Sasa tukiangalie kilichomo ndani ya chupa. Mwaka 1876 Mjerumani Georg Ledderhose alichemsha maganda ya kamba wa baharini katika tindikali, akapata fuwele za sukari ya aina mpya. Hiyo ndiyo glukosamini. Mwili wa binadamu huitengeneza wenyewe na kuitumia katika kujenga gegedu. Hadi leo sehemu kubwa ya glukosamini inayouzwa hutolewa katika maganda ya kamba na kaa. Kondroitini ni kiungo kingine cha gegedu, na viwanda huitoa katika gegedu za ng'ombe, nguruwe, kuku na papa. Ngozi ya jongoo nayo ina kolajeni na aina yake ya kondroitini, na ndiyo maana watengenezaji walimkumbuka.

Hoja ya wauzaji ni rahisi na inavutia: gegedu limechakaa, basi kula vitu vinavyojenga gegedu. Ni sawa na kusema kwamba paa likivuja, mwenye nyumba ale mabati. Kitu kikipita tumboni huvunjwavunjwa, na hakuna anayekiamuru kiende gotini.

Hata hivyo hoja inayovutia inahitaji sheria na kitabu ili iwe biashara. Mwaka 1994 Marekani ilipitisha sheria ya virutubisho vya nyongeza. Kwa sheria hiyo muuzaji hakulazimika kuthibitisha kwamba bidhaa inafanya kazi kabla ya kuiuza, ili mradi asidai kwamba inaponya ugonjwa. Aweza kuandika kwamba "inasaidia afya ya viungo", na msomaji atajimalizia mwenyewe. Mwaka 1997 daktari Jason Theodosakis alitoa kitabu kilichoitangaza glukosamini na kondroitini kuwa tiba ya viungo, nacho kiliuzwa sana. Maduka yakajaa chupa.

Ni haki kusema kwamba wanasayansi hawakuipuuza dawa hii. Mwaka 2001 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Ubelgiji wa wagonjwa 212 wa goti, waliofuatwa kwa miaka mitatu. Waliomeza glukosamini miligramu 1,500 kwa siku walionekana kuwa nafuu kuliko waliomeza vidonge visivyo na dawa. Watu wengi walishangilia. Kisha serikali ya Marekani ikagharimia utafiti mkubwa zaidi, na matokeo yake yakatolewa Februari 2006. Wagonjwa walikuwa 1,583, nao waligawanywa katika makundi matano: waliopewa glukosamini, kondroitini, zote mbili, dawa ya kawaida ya maumivu, na vidonge bandia. Baada ya wiki 24, katika kundi la vidonge bandia, watu 60 katika kila 100 walipata nafuu iliyokusudiwa. Katika kundi la glukosamini na kondroitini kwa pamoja, 67. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba watafiti hawakuweza kusema haikutokea kwa bahati. Kikundi kidogo cha wenye maumivu makali kilionekana kusaidiwa zaidi, lakini wenyewe walionya kwamba idadi ilikuwa ndogo.

Wataalamu bado wanabishana. Wapo wa Ulaya wanaoikubali glukosamini ya daraja la dawa inayoandikwa na daktari. Chama cha madaktari wa viungo cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2019, kilishauri kwa nguvu kwamba glukosamini na kondroitini zisitumike kwa ugonjwa wa goti. Mwongozo huo huo ulishauri kwa nguvu mambo mengine: mazoezi, kupunguza uzito kwa aliyezidi, na mkongojo kwa ambaye goti linamzuia kutembea.

Lipo pia jambo la hatari. Anayedhurika na kamba au kaa anapaswa kujihadhari, na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarini asiguse glukosamini bila kumwuliza daktari. Na si kila chupa ina kile kilichoandikwa. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu virutubisho vya viungo vilivyouzwa kwa jina la Artri King, kwa sababu maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, dawa mbili zenye nguvu ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Mtu aliyesema "hii imenisaidia siku ileile" huenda alisema kweli, ila hakujua kilichomsaidia wala kitakachomdhuru.

Mazungumzo chini ya turubai

Nilifika Mocímboa jioni. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua dagaa. Nilimpa chupa moja, ya pili nikaibakiza mfukoni. Nilikuwa nimekwisha soma mengi ya haya niliyoyaandika, nami sikujua nianzie wapi. Mjukuu hamfundishi bibi. Nikaanza na jongoo.

"Bibi, unajua ndani ya dawa hii kuna nini? Mna jongoo wa bahari."

Alinitazama. "Jongoo yule yule?"

"Huenda si wa kwetu. Lakini ni ndugu yake."

Alicheka mpaka akapangusa macho kwa ncha ya kanga. "Miaka yote ile sikumla hata mara moja. Nilimwuza. Leo nimemla, tena nimelipa." Kisha akauliza swali ambalo sikulipata katika kitabu chochote: "Na yule aliyemnunua kwangu, magoti yake yakoje?"

Nikamweleza habari ya watu 1,583. Nikamwambia kwamba katika kila watu 100 waliopewa vidonge vitupu, 60 walijisikia vizuri zaidi. Nilidhani atakasirika. Alisema, "Mimi nikinywa, nalala. Usiku usiolala ndio ugonjwa wenyewe." Nikanyamaza, maana hilo nalo ni kweli, na takwimu haziwezi kumwambia mtu kwamba hakulala.

Baada ya muda akauliza, "Hao 60, walipewa bure?"

"Bure, bibi."

"Chupa hizi ni bei gani?"

Sikutaka kusema. Alinishika mkono, nami nikasema. Akahesabu kwa vidole, akatazama juu kwenye turubai, mahali palipotobolewa na upepo. "Bati nne," alisema. "Mume wangu, umenilisha bati nne." Hakusema kwa ukali. Ningefurahi kama angesema kwa ukali, kwa sababu fedha ile niliyejua ni ya nini nilikuwa mimi.

Wiki ile tulifanya mambo manne, na hakuna hata moja lililotoka kwenye chupa. Tulikwenda kwa mganga wa kituo cha afya, akampima shinikizo la damu, akalikunja na kulinyoosha goti, akampa parasetamoli na kumwambia dalili zinazopaswa kumrudisha haraka. Fundi seremala alimchongea mkongojo wa kimo chake. Kigoda tulikipa jirani mwenye watoto, tukamtafutia bibi kiti cha juu, kwa kuwa kila alipoinuka kwenye kigoda goti lilibeba mwili mzima. Na asubuhi na jioni alikaa kwenye kiti hicho, akaunyoosha mguu mbele yake, akahesabu hadi kumi, akaushusha. Siku ya kwanza alisema ni mchezo wa watoto. Siku ya tano alihesabu hadi kumi na tano ili kunionyesha.

Mafuta ya karafuu hakuyaacha, wala sikumwambia ayaache. Joto la mkono unaochua ni dawa ambayo Ibn Sina angeitambua, na gharama yake ni muda wa mjukuu.

Hitimisho

Nimeeleza kwamba pwani yetu na nyanda za Makonde zimeupa ulimwengu vitu viwili vinavyohusu viungo. Cha kwanza ni neno, chikungunya. Cha pili ni jongoo. Neno lilichukuliwa bure, na jongoo kwa bei aliyoitaja mnunuzi. Kilichorudi ni chupa yenye ahadi, ambayo utafiti mkubwa haukuithibitisha, na ambayo mtu wa Mocímboa huinunua kwa fedha ya paa.

Sisemi kwamba kila anayemeza virutubisho hivi ni mjinga. Bibi yangu si mjinga. Mtu anayeumwa usiku, aliyepoteza nyumba, ambaye kituo cha afya kilikuwa kimefungwa na daktari amekimbia kama yeye, atashika kinachouzwa karibu naye. Ninachosema ni kwamba tunapaswa kumwambia historia yote, siyo ile iliyo kwenye lebo tu: kilitoka wapi, nani aliinama kukiokota, nani alikipima, na kipimo kilisema nini. Akiisha kuijua, uamuzi ni wake.

Niliporudi Mtwara nilipeleka chupa ya pili dukani ikiwa haijafunguliwa. Muuzaji alikataa kuipokea. Ipo mezani kwangu sasa, karibu na daftari, na bado ni bati mbili. Baba mdogo alituma fedha nyingine mwezi wa Septemba, na safari hii haikupitia mikononi mwangu. Bibi amepaua chumba kimoja. Anasema mvua ikipiga juu ya mabati hasikii goti.